Ya Kuvuta au ya Kusukuma

Mwanaharusi, acha unachopika usome. Yahaya wangu ameadhirika Nyakahura, mbele ya watu tuliokwenda kumposa binti yao kwa ajili ya mjukuu wetu Taufiki.

Chanzo ni feni ya rejeta, ya kupoza maji ya injini, katika ile Pijo yake kuukuu, anayoipenda kuliko meno yake yaliyobaki. Jana fundi Anastazi alimuuliza kwa adabu: "Mzee, unataka ya kuvuta au ya kusukuma?"

Ya kuvuta au ya kusukuma! Yahaya alivimba kama chura. "Gari langu halijavutwa wala kusukumwa tangu nilinunue!"

"Nasema feni, mzee. Ikikaa nyuma ya rejeta, sharti ivute upepo."

Hakusikia. Alinyooshea kidole feni kubwa kuliko zote, ile ya kusukuma, akaamuru ifungwe nyuma.

Basi leo, safari nzima, feni ilishindana na upepo. Hatua chache kabla ya kufika kwa wakwe, rejeta ilichemka, boneti likafuka mvuke kama chungu cha pilau, gari likazima katikati ya gulio. Yahaya alibaki ndani na kanzu yake nyeupe, ameshika usukani, hataki kushuka.

Akaja baba wa binti mwenyewe, na kamba, na fahali wawili, na nusu ya gulio nyuma yake. Aliinama dirishani: "Shikamoo, mzee. Tukuvute au tukusukume?"

Mwanaharusi, tukuvute au tukusukume!

Yahaya aliuachia usukani.

"Marahaba," alisema. "Vyote viwili."

Binti tumepewa. Anastazi asijue.