Kibanda Hakifunguliwi

Kibaoni, Mpimbwe

Mdogo wangu Melkior,

Huku tu wazima, mpunga umekubali, na mbuzi wako mweusi amezaa mapacha.

Watalii wako wamefika. Nimewapandisha mlimani, wakaona bonde lote la Rukwa, wakafurahi. Zile ngozi ulizotuma nivae sikuvaa. Nilivaa kitenge changu cha kanisani, ngozi nimewatandikia kuku wanaotamia.

Dereva wako akasema umeagiza nifungue kibanda cha mizimu wapige picha. Melkior! Umesahau kwamba akifa mzazi, kibanda hakifunguliwi mpaka watoto wake wote wamwage unga kaburini? Niliwaeleza wageni. Hawakununa. Walivua viatu, wakachota unga, mmoja mmoja wakamwagia mama kaburini. Bibi mmoja akaniuliza mama aliacha watoto wangapi.

"Wawili," nikasema.

"Na huyo mwingine?"

Nikamwonyesha jina lako kwenye gari.

Sifungui, hata ulete ndege nzima ya wageni. Mazikoni hukuja, arobaini hukuja. Watu wasiomjua mama wamemwagia unga. Umebaki wewe.

Dada yako, asiyeigiza,
Romana