Jina Lililokwenda na Maji ya Udhu

Baba yangu mpendwa,

Hapa Doornfontein sote wazima. Nakuandikia Kiswahili kama ulivyonifundisha, ingawa mdogo wangu sasa ananijibu kwa Kizulu tu.

Unakumbuka likizo niliyokusindikiza kazini? Kila siku kliniki nyingine, kila mahali daktari mwenyewe hayupo na wewe umeshika nafasi yake. Kule kliniki ya Kensington dada wa mapokezi alikuuliza, "Wewe ndiye dokta wa leo?" Ukamjibu, "Wa leo tu, dada. Kesho nimeazimwa kwingine." Mkacheka, halafu ukaenda kuitafuta mwenyewe mashine ya presha.

Majibu ya vipimo yalikuwa yakirudi wewe umeshaondoka. Ndiyo maana ulikuwa ukiandika jina la mgonjwa kwa kalamu mgongoni mwa mkono wa kushoto, ili ukumbuke kupiga simu kuyaulizia. Mama alisema umegeuza mkono daftari.

Ijumaa ile ulimpima damu mzee mmoja fundi viatu, ukatoka mbio kuwahi msikitini. Ulitawadha, jina lake likaenda na maji. Jumatatu ulikuwa kliniki nyingine. Majibu yakakaa kwenye kompyuta ya Kensington siku tisa, kila mtu akidhani mwenzake ameyaona. Mzee alipofikishwa hospitali, figo zilikuwa zimeshaacha kufanya kazi. Siku uliyopata habari ulikaa jikoni bila kuvua viatu, ukaniambia, "Mwanangu, nimemsahau mtu."

Kliniki ilisema wewe si mfanyakazi wao. Wakala aliyekuwa akikupangia zamu akaacha kupiga simu. Barua ya baraza la madaktari uliisoma mara moja, ukaiweka juu ya friji, ukaenda Tanga kumwona bibi. Ulisema wiki mbili. Huu ni mwezi wa tatu.

Mimi sihisi kitu sana, Baba. Naenda shule, narudi, nafua sare. Rafiki yangu aliniuliza kama nina hasira. Nilifikiri kidogo, nikamwambia sijui.

Mwanasheria wa bima anasema kosa lako lipo na la kliniki lipo, lakini usipofika kwenye kikao cha baraza litabaki lako peke yako. Anataka jibu kabla ya Ijumaa. Mama akikupigia mnaongea habari za mvua, kwa hiyo nauliza mimi.

Yule mzee yu hai. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Binti yake alimwambia Mama kwamba baba yake anataka kusikia kutoka kinywani mwako ilikuwaje. Nadhani ana haki hiyo. Wanaweza kukunyang'anya leseni, najua, nimeisoma barua. Hata hivyo ningependa uje kikaoni umwambie, nami nikae nyuma kama wataniruhusu.

Si lazima uandike mengi. Andika "nakuja" au "siji", na lolote utakaloandika nitampelekea mwanasheria mimi mwenyewe, Alhamisi nikitoka shule.

Msalimie bibi.

Ni mimi, binti yako mkubwa