Kapeti za gari la bosi

Jumapili jioni

Mara ya nne sasa bosi analeta kapeti za gari lake hapa nyumbani nimfulie, kama vile ukarani ndio huo. Safari hii alikuwa amepakia dagaa kutoka Ikola. Nilizisugua kapeti kwa brashi na sabuni ya unga, nikazianika kivulini mpira usijikunje.

Alipozifuata, akanusa moja. "Binti, mbona bado?"

Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na anayependekeza niongezewe ni yeye.

"Basi mzee, ukafue mwenyewe. Mimi kazi yangu mafaili."

Akazibeba. Kesho naiogopa, sifichi. Lakini nilimfuata hadi kwenye gari, nikamkabidhi na brashi.