Mstari wa Gwantwa

Ijumaa, 20 Desemba 2024

Mama ameomba dakika tisa asubuhi. Sita zilikuwa za Gwantwa. Nilikuwa natazama saa ya ukutani, macho wazi. Gwantwa kwa jina, tumbo la Gwantwa, mimba tatu zilizoharibika, mume wake Lusajo, nyumba yao iliyoko kule Mpemba, karibu na mpaka, hata gari lao. Mimi nimo kwenye "na wote waliomo humu ndani". Humu ndani tupo wawili tu, mimi na yeye.

Mwaka wa nne nangoja ajira ya ualimu. Sijawahi kusikia Mungu akikumbushwa habari hiyo.

Niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Namwonea wivu mdogo wangu. Gari abaki nalo. Namwonea wivu kwa kuombewa.

Jumapili, 22 Desemba

Baada ya ibada Mama kanipa Biblia ya Baba. Ndani yake kuna orodha ya mistari ishirini. Kila mwisho wa mwaka Baba aliiandika kwenye vikaratasi, akakunja, akatia kwenye kikapu. Mwaka Mpya, tukitoka kanisani, kila mtu anaokota kimoja, anasoma kwa sauti, na mstari huo anaushika mwaka mzima. Baba tulimzika Machi. Sasa kazi ni yangu — Mama anasema mwandiko wangu ndio unaofanana na wake.

Mistari kumi na tisa ni ya faraja. Mmoja ni wa onyo: mti usiozaa matunda, na shoka. Baba hakuuacha hata mwaka mmoja. Mwaka juzi aliuokota yeye mwenyewe. Alicheka, akavua koti la kanisani, akaenda kupogoa kahawa.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Gwantwa na Lusajo wamefika saa tano, gari lina matope mpaka kwenye vioo. Gunia la mchele wa Msangano, jiko la gesi, kitenge cha Mama. Mimi viatu. Vimenitosha kabisa, nimekosa hata la kulalamikia.

Lusajo hakukaa hata dakika mbili. "Shemeji, bado tu hujaolewa? Malori yamepanga foleni toka mpakani mpaka kwetu Mpemba. Chagua dereva."

Nikamwambia wa kwenye foleni wote wamekwama, nataka anayetembea. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Nilifurahi kumchekesha. Basi Gwantwa akaingia na keki, na kicheko kikahamia kwake.

Kabla ya kula kila mtu hushukuru kwa jambo moja. Mama alishukuru kwa kufika kwa Gwantwa. Lusajo kwa breki. Gwantwa akasema anashukuru kwa ajili ya dada yake, aliyekwenda kukaa naye hospitali mimba ya tatu ilipotoka, akafua yale mashuka kwa mikono, wala hakumsimulia mtu.

Wote wakanitazama. Zamu yangu. Nikasema nashukuru kwa chakula.

Hata kushukuru ananishinda.

Ijumaa, 27 Desemba

Nilikuwa namenya ndizi na Mama jikoni. Akaniambia, bila kuinua macho, nikiandika vikaratasi niukunje pembe ule mstari wa mwanamke tasa anayepewa watoto. Kikapu atakishika yeye. Atakigeuza, pembe imwelekee Gwantwa.

"Mama, huo si ni udanganyifu? Si tunasema Mungu ndiye anayechagua?"

"Mungu anachagua. Mimi namsogezea."

"Na kama hataki?"

"Tuku, mdogo wako anakauka. Umemwona shingo? Akipata neno la kushika atakula."

Nikasema Baba asingekubali. Hapo akaweka kisu chini. "Wewe mwaka wa kidato cha sita, ulipokuwa hulali, unatapika kila asubuhi kwa hofu ya mtihani, ule mstari wako wa tumaini unadhani uliuokota? Baba yako aliukunja pembe. Mimi nikageuza kikapu."

Nikaendelea kumenya. Nimemenya ndizi nyingi kuliko zilizotakiwa.

Jumapili, 29 Desemba

Mstari ule uko juu ya kitanda changu miaka minane. Nilifaulu nao. Nilikwenda nao chuo. Kila nilipokosa nafasi niliutazama nikasema: Mungu alinichagulia huu, siku ile, kati ya ishirini. Kumbe ni wazee wawili waliopanga njama.

Nimeubandua. Rangi ya ukuta imetoka nao. Nyuma kuna alama ya pembe, imenyooshwa zamani, sikuwahi kugeuza nikaangalia.

Kanisani leo sikuimba. Lakini niliwaza mikono ya Baba, ile mikavu yenye nyufa, ikikunja kipembe kidogo vile, kwa ajili yangu. Sijui kama hasira yangu ni ya kweli. Jioni nimeurudisha ukutani.

Jumanne, 31 Desemba

Nimeandika vyote mchana huu, mezani, dirisha wazi. Mwandiko mzuri. Nilikuwa nimetulia kabisa, nimeshaamua kumtii Mama. Hata nilianza kufurahi kwamba safari hii mkunjaji ni mimi.

Mama na Gwantwa walikuwa nje wanachuma mboga. Mama akasema, polepole, lakini nilisikia: ukipata mtoto, Biblia ya baba yako ni yake.

Mimi ndiye niliyemsomea Baba Biblia ile miezi yake mitatu ya mwisho. Kurasa zake zina madoa ya uji nilioumwaga mimi.

Nilichukua karatasi ya mti na shoka. Nikakunja pembe yake. Ile ya watoto nikaichanganya na nyingine. Sitasema ni shetani. Nilikuwa mimi.

Mama kachukua kikapu, kakifunika kitambaa, kakifungia kabatini kwake.

Jumatano, 1 Januari 2025

Naandika wakati wote wako mezani.

Ibadani nilitaka kutoka, niwahi nyumbani. Ufunguo wa kabati ulikuwa kwenye mkoba wa Mama, na mkoba ulikuwa mapajani kwake. Nikakaa. Nikamwona Gwantwa akisimama na kina mama kuimba, gauni linaning'inia. Ni kweli, shingo imekwisha.

Mezani anaanza mdogo. Mama akageuza kikapu taratibu kama mtu asiyefanya lolote. Pembe ikamwelekea Gwantwa. Akafumba macho — huwa anafumba — akanyoosha mkono.

Nikainyakua.

"Eh, shemeji," Lusajo akasema, "hata Neno la Mungu linagombaniwa kama siti?"

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa ananitazama. Anadhani nimemwibia mwenzangu watoto. "Tukuswiga, rudisha. Hiyo si yako."

Nikasema ni yangu. Nikaingia chumbani, nikafunga komeo.

Ipo hapa. Mti, shoka, mwandiko wa Baba kwa mkono wangu. Ile nzuri bado iko kikapuni, haina alama. Naweza kuiandika upya, ninayo karatasi, nikatoka nayo nikicheka, nikasema nilikuwa natania. Atakula leo. Mama atanisamehe. Au nifungue mlango nimwonyeshe nilichomwandalia.

Baba, wewe ulikunja ukiwa unampenda uliyemkunjia. Mimi nitakunja nikiwa nani?

Gwantwa ameinuka mezani, sasa amekaa sakafuni nje ya mlango. Nasikia mgongo wake kwenye ubao.

"Dada. Kama ni mbaya, nipe tu. Nimeshaambiwa mabaya na daktari."

Nimeendelea kuandika.

"Nasikia kalamu. Unaniandikia mwingine?"

Amepitisha vidole vinne chini ya mlango, vimelala kwenye saruji, vinangoja. Kwenye meza yangu humu chumbani kuna karatasi ya mti na karatasi nyeupe. Nimeziacha zote. Nimeshuka sakafuni, daftari liko gotini. Mkono wa kushoto umemshika vidole. Vya baridi. Haniulizi tena, na mimi bado sijamwambia ni mstari gani.