Mtoto Tuliyemuuza kwa Dadu

Jumamosi, 6 Julai 1996

Mchezo wa nne leo. Wote wanne walifika saa tisa kamili, hata kabla sijapanga viti. Watu wazima, wanakuja mbio kama darasa la pili! Kwa miaka thelathini na moja niliwachapa wanafunzi waliocheza wakati wa kusoma. Sasa nimestaafu, na kila Jumamosi ninacheza.

Nimebuni boma la mwaka 1884, kando ya njia ya misafara, nikaliita Kalwisa. Kila mtu ana karatasi inayomwambia yeye ni nani. Mimi nasimulia hali ilivyo. Kila mmoja anasema atafanya nini. Penye shaka tunarusha dadu mbili za ludo. Telesphor, kijana Mpimbwe wa Majimoto anayefanya kazi Idara ya Maji, ni mtemi. Sylvanus, karani wa stesheni, ni mfanyabiashara wa pembe. Nyanzala, anayeuza chumvi na dagaa sokoni, ni mganga wa boma. Kashinje, mfugaji wa Mwamkulu, ni kiongozi wa wapagazi, na hajafurahi hata kidogo.

— Mwalimu, Msukuma gani hana ng'ombe? Nipe hata ndama!

Nikamwambia mpagazi hana ng'ombe, ana mzigo. Nyanzala akamdaka: beba, shemeji, beba, pembe haina miguu!

Kazi yangu ngumu ni kuwazuia wasitoke nje ya wakati ule. Leo Sylvanus alitaka kupiga simu Tabora aulizie bei. Nikakataa. Akanung'unika kwamba historia inachelewesha kazi. Tulicheka hadi nikavua miwani.

Telesphor alipokuwa anaaga alisema neno lililonikaa. Shuleni alikariri kwamba "njaa ilitokea". Hapa ameamua mwenyewe nani ale na nani akose, na Jumamosi iliyopita, baada ya mchezo, hakulala vizuri. Sijawahi kumfundisha mtu historia namna hiyo. Sijawahi.

Lakini nimeishiwa. Vitabu vyangu vina watemi, vita na mikataba. Havina mtu wa kawaida. Nimelitoa sandukuni daftari la mwaka 1968, nilipokuwa nazunguka Majimoto nikiwahoji wazee. Kurasa nane ni za Bibi Theopista. Alinieleza jinsi mama yake alivyotolewa kwa msafara. Alipomaliza aliniomba yasitoke mle. Niliahidi. Niliinua na mkono.

Alifariki mwaka 1979. Nitabadilisha jina la kijiji.

Jumapili, 7 Julai

Misa ya kwanza. Yamesomwa matangazo ya ndoa, mara ya kwanza: Telesphor na Romana, fundi cherehani wa pale karibu na soko. Mama yake Romana ni binti wa Bibi Theopista. Hilo nalijua. Nilikuwa nalijua jana pia, nilipofungua sanduku.

Padri akauliza kama kuna anayejua kizuizi. Nikatazama viatu vyangu. Hakuna kizuizi, bila shaka. Kwa nini basi nilitazama viatu?

Jumatano, 10 Julai

Nimeandika upya karatasi zote. Kazi nzuri, nakiri. Njaa, mvua mbili zilizokosekana, msafara umepiga kambi nje ya boma. Bei nimezinakili kama alivyonitajia Bibi Theopista: mzigo mmoja wa chumvi ya Uvinza na majembe mawili. Bibi alisema watu wazima walipeana mikono: mkono wa kulia ulipokea chumvi, mkono wa kushoto ulimsukuma mtoto. Kwa hiyo mama yake hakupokea tena chumvi mkononi mpaka anakufa, akawakataza na binti zake. Iwekwe chini kwanza, ndipo waiokote.

Nilisita kuhusu habari hiyo ya chumvi. Kisha nikaiandika. Ilikuwa nzuri mno kuiacha — hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine.

Jumamosi, 13 Julai

Lazima niandike kwa mpangilio.

Nilisoma hali. Boma lina njaa. Msafara una chakula na chumvi, unataka watu. Telesphor, mtemi, alisema kwanza kwamba hatoi mtu. Nikamuuliza, kwa sauti yangu ya darasani, atawalisha nini wengine. Akasema atapigana. Akarusha dadu: tatu. Walinzi wake wamechoka kwa njaa, nikamwambia, mikuki imeanguka. Alitoa jasho kweli. Akasema basi, atoe mmoja, aokoe arobaini.

Nikatoa karatasi ya mtoto. Msichana, miaka kama minane, hana baba. Hapo ndipo walipoanza biashara, na Mungu anisamehe, ilikuwa sehemu tamu kuliko zote. Sylvanus akasema mtoto amekonda, jembe moja tu. Kashinje akasema ongeza, bwana, huyu atakua! Nyanzala akasema meno yake mazuri, mimi mganga nimemkagua. Jembe moja na nusu! Nani ameona nusu ya jembe? Wakacheka. Nami nikacheka. Karibu saa nzima tulipatana bei ya mtoto, na nilichokuwa nafikiri ni kwamba hawajakosea bei hata mara moja.

Telesphor akarusha dadu mara ya mwisho. Tisa. Majembe mawili na chumvi. Akapeana mkono na Sylvanus juu ya meza yangu.

Nikasoma mwisho wa karatasi: kwamba tangu siku ile wanawake wa uzao wake hawapokei chumvi mkononi, huwekewa chini.

Nyanzala akapiga paja.

— He! Mwalimu! Si kina Romana hao? Mama yake nikimpa chumvi hapokei, mpaka niweke chini. Na Romana vilevile. Sokoni kote ni hao tu! Kumbe!

Alikuwa bado anacheka. Kashinje akadakia kiutani: ehe, Mpimbwe, umemuuza mchumba wako mwenyewe! Kisha akamwona Telesphor usoni, akanyamaza.

Telesphor alinitazama mimi. Akauliza kama hadithi nimeitunga.

Nilisema tuendelee wiki ijayo.

Jumapili, 14 Julai

Matangazo mara ya pili. Romana alikuwa benchi la mbele, kitenge kipya. Watu wawili nyuma yangu walinong'onezana neno "chumvi". Siku moja tu! Sylvanus amesimulia stesheni, Nyanzala amesimulia sokoni, si kwa ubaya; wanasimulia mchezo. Ulikuwa mchezo mzuri.

Sikupokea komunyo.

Jumatatu, 15 Julai

Nyanzala alikuja analia. Alisema, mwalimu, nyie wasomi mngetuambia kama ni ya kweli, mimi nisingefungua mdomo. Nikataka kumkosoa jinsi alivyosema "nyie". Fikiria! Nikamwambia kosa ni langu. Ni mara ya kwanza nalisema kwa sauti.

Alhamisi, 18 Julai

Telesphor amekuja jioni. Baba yake mkubwa, mzee Deogratias, amefika kutoka Majimoto kwa lori la mpunga. Amesikia. Anasema ukoo hauwezi kuoa mahali ambapo asili ya mtu haijulikani. Kwamba mtu aliyenunuliwa hana mizimu wala wajomba, na watoto watakuwa wa nani? Mzee wa kanisa huyu, mwenye rozari mfukoni! Nikamwambia Telesphor kwamba hicho si kizuizi mbele ya Kanisa. Akasema anajua. Lakini baba yake alifariki, na Deogratias ndiye aliyemsomesha.

Nikamuuliza yeye mwenyewe anasemaje.

Akasema kila anapomwona Romana anakumbuka mkono wake juu ya meza yangu. Anamwonea haya, wala si kwa sababu ya mama wa bibi yake. Kwa sababu alifurahi alipopata tisa.

Kisha akaomba. Mzee atakuja kwangu Jumamosi kuuliza ukweli. Je, siwezi kusema nilitunga? Kwamba habari ya chumvi niliiona tu sokoni nikaitia humo kunogesha? Neno moja, mwalimu. Wewe hawatakupinga.

Kweli, hawatanipinga. Mji huu wote unajua kwamba sisemi uongo.

Ijumaa, 19 Julai

Nimejaribu kuiandika hiyo sentensi niikariri. "Hadithi ile niliitunga mwenyewe." Fupi, haina kosa. Nimeinakili mara sita.

Nikisema kweli, ninaivunja ahadi mara ya pili, na ndoa huenda ikavunjika. Nikisema uongo, namlinda Romana — au najilinda mimi? Maana nikisema nilitunga, nami nimesafishwa: mzee mmoja mwenye ubunifu, basi. Na yule mtoto anakuwa hakuwahi kuwapo. Tutakuwa tumemuuza, kisha tumemfuta.

Nimesoma tena kurasa nane. Bei ipo. Njia ipo. Idadi ya wapagazi, jina la kiongozi wao, hata mwezi. Jina la mtoto halipo. Nimepekua mara mbili. Sikuuliza! Mbele yangu aliketi binti yake wa kumzaa, nami nikauliza uzito wa chumvi.

Jumamosi, 20 Julai

Naandika nimesimama, chumbani. Leo hakuna mchezo; wageni watatu wako sebuleni. Nimewaomba dakika moja nichukue daftari.

Romana alitangulia kufika, saa tisa kasorobo, peke yake. Shikamoo, akaketi. Sikuwa nimemwita. Nilianza kumwomba radhi, sentensi ndefu niliyoiandaa, akaikata katikati. Alisema amekuja kwa jambo moja: mama yake hakuwahi kuambiwa kwa nini chumvi iwekwe chini. Waliambiwa tu ni mwiko. Miaka yote hiyo sokoni watu wanawacheka. Sasa anajua. Je, ni kweli kwamba yule mtoto alikuwa na miaka minane?

Nikasema ni kweli.

— Aliitwa nani, mwalimu?

Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote. Sijawahi kushindwa kujibu namna ile. Nikasema sijui, sikuuliza. Hakunikasirikia. Ingekuwa afadhali.

Akasema: mzee akija, usimdanganye kwa ajili yangu. Nikamweleza kwamba huenda akaikosa ndoa. Akasema analijua hilo, anashona shela yake mwenyewe, hana haja ya kukumbushwa.

Ndipo wakabisha hodi. Mzee Deogratias, na Telesphor nyuma yake. Salamu zilikuwa ndefu, kama inavyotakiwa. Mzee alishtuka kumkuta Romana, lakini alimjibu marahaba. Telesphor aliketi kiti cha karibu na mlango, akamtazama mara moja, akainamisha kichwa. Mzee akaniuliza moja kwa moja: mwalimu, umetunga au hukutunga? Telesphor akainua uso, akanitazama kwa macho ya kuomba.

Nikasema sikutunga.

Nikasema ninayo maandishi, nikaingia huku. Daftari liko mkononi, lakini badala ya kutoka ninaandika.

Mzee anasema. Sauti yake haina ukali, na hilo ndilo baya. Anamwambia Romana: binti yangu, si kwamba tunakuchukia, lakini sisi tutasema tumeoa kwa nani? Huyo mama wa bibi yako alitoka wapi?

Romana anajibu kwamba hajui. Kwamba hata mwalimu hajui. Kwamba alitoka mahali ambapo watu wazima walikuwa na njaa, na kama mzee anataka asili nyingine zaidi ya hiyo, yeye hana.

Mzee anamwita Telesphor kwa jina. Telesphor hajibu.

Anamwita tena.

Kiti kinaburuzwa sakafuni. Ni kile cha karibu na mlango. Kinaburuzwa polepole, na kutoka huku sitambui kinaelekea kwa Romana au kwa mzee.