Aliyeitikia kwa Jina la Mama Mkwe

Chiwanda, mwambao wa Nyasa

Dada yangu mpenzi Skola,

Nakusalimu kwa furaha ya mtu aliyeolewa juzi na bado haamini. Baba na mama huko Litembo, shikamooni. Mguu wa mama umepona? Kahawa imeanza kuiva? Sisi huku chini kwenye joto ni wazima, nami nimenenepa kwa dagaa wa huku, usipa, na mapenzi. Usicheke! Kasiani akirudi ziwani huniita "mke wangu" hata pasipo na mwingine wa kuitwa, alisikie tu neno lenyewe.

Lakini kuna jambo, dada, limenikaa kifuani.

Tangu mambo yawe ruksa, kila kijana huku ni mfanyabiashara. Akaja mtu ambaye hatukuona mtumbwi uliomleta, tukamwita Bwana Mavuno. Unalipa kiingilio, unaleta watu wawili, nao wanaleta wawili wawili. Mstari ukijaa chini yako, unavuna mara nane. Wa kwanza walivuna kweli, redio za kaseti zikalia mwambao mzima. Kasiani wangu, ambaye shuleni hesabu ndizo zilikuwa zinamwogopa yeye, alikokotoa kwa kijiti mchangani.

"Otilia, inakubali!"

Na kweli ilikubali. Akatoa kiingilio kwenye fedha za bati za kuezekea nyumba yetu, zile tulizochanga kabla ya harusi. Watu wawili, akasema, anao.

Nikamsindikiza mkutanoni. Bwana Mavuno akaita majina, watu wakaitikia. Akaita, "Eufrasia!" Mume wangu, ubavuni mwangu, akajibu, "Nipo!"

Eufrasia ni mama yake. Mimi namjua kwa picha tu, alizikwa kabla sijafika huku. Ndipo nikasikia vizuri: vijana wengi walikuwa wanaitikia majina ya bibi zao.

Njiani nikamuuliza. "Watu wameisha, mke wangu," akasema. "Kila ninayemwendea kashaingia. Wenzangu wote wamejaza marehemu. Jumamosi nawalipia mama na marehemu mjomba, basi."

Fedha zote za bati zilizobaki, dada!

"Kokotoa tena," nikamwambia, "ila leo usihesabu fedha. Hesabu watu."

Akachukua kijiti. Wawili, wanne, wanane. Chiwanda ikaisha upesi. Mwambao ukaisha mpaka Mbamba Bay.

"Tutavuka Malawi," akanitania.

"Haya, na Malawi wakiisha?"

Kijiti kikasimama. "Wanabaki wa makaburini."

"Nao watalipa kwa mkono wa nani?"

Akakivunja kijiti. Hesabu yake haikukosea hata tarakimu moja. Tulichokuwa hatujafundishwa ni kuuliza hiyo fedha inatoka kwa nani.

Jumamosi tukaenda kujitoa. Alasiri ile ziwa lilikuwa linafuka: huku kuna wadudu wadogo ambao huinuka majini kama moshi pasipo moto. Bwana Mavuno akaita, "Eufrasia!" Safari hii Kasiani hakuitikia, akanishika mkono. Kisha nyuma yetu, upande wa maji:

"Nipo."

Sauti ya mama mtu mzima. Tukageuka. Hakukuwa na mtu, ila ule moshi wa wadudu.

Bwana Mavuno hakushtuka. Aliweka alama, akataka kuendelea.

"Mama yangu amekufa," Kasiani akasema. "Mfute."

"Sasa si kaitika mwenyewe!" kijana mmoja akatania, akacheka peke yake.

Tukaondoka. Kiingilio kimepotea, lakini fedha zilizobaki zinatosha bati za chumba kimoja, na chumba kimoja kwa wapenzi wawili ni ikulu.

Nakuomba mwambie mama apeleke kwa Padre nia ya misa kwa ajili ya Eufrasia, asiitwe tena mkutanoni. Sadaka imo humu. Msalimie shemeji, na shangazi aliyenifunda, na mdogo wetu wa sekondari: hesabu asome, na asione haya kuuliza. Shemeji yako Kasiani anawasalimu sana.

Mimi naendelea vizuri. Ila siku hizi nikiitwa nikiwa ufukweni, nageuka kwanza, ndipo naitika.

Mdogo wako, mke wa mtu,
Otilia