Harusi Ubaoni

Ziwani, Jumatano, Machi 1972

Mvua tangu alfajiri. Nimeamka sina raha hata ya kunywa chai.

Juzi mwalimu mkuu aliniambia kwamba darasa langu la hesabu la akina mama litafungwa wasipoanza kujibu maswali. Wanakuja, wanakaa, wananitazama tu. Nilikwishaanza kufikiria kuomba uhamisho nirudi kwetu Tukuyu.

Alasiri walifika, khanga zimelowa. Nikaandika ubaoni: Asha amenunua doti nne za khanga, kila doti shilingi kumi na tano, na kilo tatu za sukari, kila kilo shilingi mbili. Ametoa shilingi ngapi?



Kisha Bi Somoe, mjane akaaye nyuma ambaye hajapata kushika chaki, akauliza, "Mwalimu, huyo Asha ana shughuli gani hata anunue doti nne?"

Nilitaka kumjibu kwamba hilo si hesabu. Sijui nini kilinizuia.

"Anamwoza binti yake," nikasema.

Lo! Darasa zima likaamka. Doti nne hazitoshi, kungwi atavaa nini? Ziwe tano! Na sukari kilo tatu, harusi nzima? "Anataka kutuaibisha huyo!" Ziwe kumi! Nikafuta, nikaandika upya huku nacheka.

Bi Somoe akainuka mwenyewe, akaja mbele. Kumi na tano mara tano, sabini na tano. Mbili mara kumi, ishirini. Akajumlisha taratibu: tisini na tano.

Vigelegele vilimtoa mwalimu mkuu ofisini mbio. Akasimama mlangoni, akausoma ubao, akacheka.

Darasa halifungwi.

Wenzake walipoondoka, Bi Somoe alibaki kunisaidia kufunga madirisha. Kumbe binti yake anaolewa kweli, baada ya mavuno. Tangu afiwe na mumewe, mahitaji yote ya dukani hununuliwa na shemeji yake, naye hupokea tu anacholetewa.

"Safari hii nakwenda mwenyewe, mwanangu," akaniambia. "Shemeji atabeba mzigo."

Tulicheka mpaka nikajishika mbavu. Halafu akanialika harusini, na akasema wazi kwamba hataki kuniona nimekaa kwenye mkeka kama mgeni.

Nimefurahi, lakini usingizi hauji. Ngoma za huku zinataka kiuno, nami kiuno changu kimezoea kiti cha ofisini. Nimwombe nani anifunze bila kutangazia kijiji kizima?